Basi la Saa Kumi na Dakika Tano

Dakika alikuwa amebakiza ngazi arobaini kumaliza kushuka kutoka njia ya majabalini alipoliona basi kituoni, mlango wazi, injini ikinguruma.

Akatimua mbio.

Abiria ndio waliombandika jina hilo la Dakika, kwa kuwa katika miaka ishirini na mitatu ya kuliendesha basi hilohilo hakuwahi kumsubiri mtu hata sekunde. Leo alikuwa mapumzikoni. Mkewe ndiye aliyemburuta waje kutembea huko juu, kwenye upepo na bahari, mahali ambapo yeye kila siku hushusha watu chini yake akageuza basi. Mkewe huyo alikuwa ametangulia kushuka, ameshaketi dirishani.

"Nakuja! Nakuja jamani!" Dakika alipayuka, mkono mmoja juu, mwingine umeshika kofia, kamba ya kiatu ikimchapa kisigino. Ndivyo walivyokuwa wakionekana wale wote aliowaacha, kwenye kioo chake cha pembeni.

Mlango ukafungwa puani pake.

Dereva, mama mmoja ambaye Dakika mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, akafungua kidirisha. "Shikamoo, mwalimu," alisema kwa adabu zote, akimwonyesha saa ya mkononi. "Kumi na dakika tano kamili. Lingine ni saa kumi na mbili." Kisha akamgeukia mke wa Dakika, aliyekaa dirishani nyuma yake. "Dada, tumsubiri?"

Dakika alimtazama mkewe kwa macho ya kuomba huruma. Hapo ndipo alipoikumbuka mvua ya mwaka juzi, kituo cha sokoni, na mke wake huyuhuyu akikimbia, kapu la viazi kichwani, akilipungia basi lake likiondoka.

Mkewe akafungua dirisha, akamrushia sweta.