Spika za Kukaa Ukutani

Jirani wa dada yake amemwambia binti kwamba kila muziki unapopandishwa upande wa pili wa ukuta, humo ndani ya muziki husikia dada akilia. Binti hakumwamini. Yule mama ana mdomo, na shemeji ni mtu wa watu, mcheshi.

Leo binti, dada na shemeji wako dukani, shemeji anachagua spika ndogo.

"Sebule yenyewe kama kiganja," akasema. "Zitabanana na ukuta wa jirani."

"Basi chukua zenye tundu mbele, bosi," muuzaji akamshauri. "Hizi za tundu nyuma ukizibandika ukutani, besi inavuma ovyo. Jirani hatasikia hata hodi mlangoni kwake!"

Shemeji akacheka. Akaingiza kidole kwenye tundu la nyuma, akakizungusha taratibu.

"Hatasikia kitu?"

"Kitu gani, bosi!"

"Nifungie hizi."

Binti akageuka kumtazama dada yake. Dada alikuwa ameinamia sakafu, mikono ya gauni kaivuta mpaka kwenye vidole.

Shemeji alipokwenda kulipa, binti akamsogelea dada yake.

"Dada, leo usirudi naye. Twende kwa mama, nakuomba."

Dada akawa anamtazama muuzaji akikaza kamba kwenye boksi la spika.