Birika Lisilo na Ukoko

Mama Gregori alitema chai mlangoni. Alikuwa ameona ule utando uliotanda juu ya kikombe, kama maji yaliyooshewa sufuria, na bado akajilazimisha kuonja.

"Maji ya kisima chetu ndivyo yalivyo, mama," alisema Anjelina, mkwewe. "Yana chokaa. Hata sabuni haitoi povu."

"Siku hizi za ruksa ya biashara maduka ya Kilwa yamejaa sabuni za kila rangi, wewe unasingizia maji!"

Alifunua birika. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe unaobanduka vipande vipande. Beseni nalo lina utando wa kijivu, na nepi za mjukuu wake zimekakamaa kama gome. Uchafu mtupu, kinyaa kitupu! Moyoni akakata shauri: kesho anarudi Mtama na mtoto mgongoni, na asiyetaka ajinyonge.

Anjelina alijifuta machozi, akachukua ndoo na kwenda kisimani.

Ajuza akabaki na kiu yake ya chai. Uani kwa jirani, Biasha, aliona birika limeinamishwa juu ya tofali, peke yake, mbali na uchanja wa vyombo. Alibisha hodi, kimya. Akalichungulia ndani. Linang'aa, halina hata chembe ya ukoko. Na kisima ni hicho hicho kimoja! Kumbe wanawake wasafi wapo, ila mwanawe hakujua kuchagua.

Akalibeba, akachemshia chai. Alikunywa vikombe viwili bila kupumua. Hata ile harufu yake ya marashi kwa mbali ilimpendeza.

Anjelina aliporudi aliliona birika jikoni, akasita.

"Mama, hilo umelitoa wapi?"

"Kwa Biasha. Anachota mnakochota, na birika lake halina ukoko. Nitajie tena maji! Haya, kunywa uijue chai."

"Siwezi, mama."

"Huwezi! Basi kamfungie mjukuu wangu nguo zake. Tunaondoka kesho."

Alikuwa na kikombe cha tatu mdomoni Biasha alipoingia, amejitanda kanga, jasho linamtoka.

"Shikamoo, mama. Anjelina, mwenzangu, hujaniokotea birika langu, lile lisilowekwa motoni? Nililianika pale nje jana, nilipotoka kumwosha marehemu. Leo kuna mwingine, na maiti kashalazwa, ananingoja."