Saa ya Meli

Bi Mwanatumu alifika gatini na mfuko wa machungwa, akaikuta meli ya watalii imeshang'oa nanga.

"Mama, si mliambiwa mrudi saa kumi?" mlinzi aliuliza.

"Mbona bado? Yangu inasema tisa na nusu."

"Hiyo ni saa ya mji, mama. Abiria hufuata saa ya meli."

Asubuhi, alipoirudisha nyuma saa yake ili ilingane na ya mji, mumewe alimsihi, "Iache hivyo hivyo, Mwanatumu."

"Tangu lini umekuwa nahodha?" alimcheka, akashuka peke yake.

Dawa za moyo za mumewe zilikuwa ndani ya mkoba aliouning'iniza Bi Mwanatumu begani. Kule juu ya meli, mumewe, na kofia yake nyeupe kichwani, aliinamia ukingo, akiwatazama watu wa gatini mmoja mmoja. Bi Mwanatumu akauinua mkoba juu, kadiri mkono ulivyofika.