Mlo Mbichi wa Tajiri

Mbavu za Tajiri zilionekana hata ukiwa umesimama mlangoni. Mama mwenye nyumba alipiga magoti sakafuni, akampapasa mbwa huyo ubavu mmoja, kisha wa pili, mwanawe mchanga akimcheka mbwa kutoka mgongoni. Yeye hakucheka. Tajiri alikuwa mbwa wa marehemu baba yake, na asubuhi ile daktari wa mifugo alisema bila kuzunguka: akizidi kukonda, itabidi apigwe sindano apumzike.

"Si nilikwambia," mume akasema kutoka kitini. "Umemlisha kama chui. Haya, mwangalie chui wako."

Maneno yalimchoma kwa sababu wazo lilikuwa lake. Ni yeye aliyesoma kwenye simu huku akinyonyesha, kwamba mbwa apewe nyama isiyopikwa, na maini, manyoya yatang'aa. Mama mkwe alishika kichwa, akasema mbwa akizoea damu hamtambui tena mtoto wa nyumba. Walibishana mpaka wakachoka, wakaafikiana: nyama mbichi sawa, ila isikaribie mtoto. Bakuli likahamia kwenye kibanda cha getini, na kazi ya kumlisha akapewa mlinzi.

Mlinzi peke yake ndiye aliyekuwa upande wake. Alishauri hata nyama isikatwekatwe wala kuchanganywa na kitu. Kila alipoulizwa alijibu taratibu, macho chini, kwamba Tajiri hana shida ya kula, bakulini hakibaki kitu.

Anakula, na bado anakauka. Daktari alitafuta minyoo, akakosa. Mama mkwe alisema basi ni nyama inayomla mbwa, si mbwa anayeila nyama. Siku nyingine wangemcheka.

Jioni mama mwenye nyumba alisimama mbele ya jiko, kisu mkononi, nyama ya siku hiyo ubaoni. Ilikuwa nyekundu, safi, haina harufu mbaya. Akiipika, atakuwa amekiri kwamba ni yeye aliyekuwa akimwua mbwa wa baba yake kidogokidogo, kwa mkono wake mwenyewe. Asipoipika, huenda Tajiri hana muda wa kusubiri yeye akosee tena.

Akawasha jiko.

Aliikatakata vipande vidogovidogo, akaitumbukiza sufuriani, akamimina pumba, akakoroga mpaka ikawa rojo zito la kahawia ambalo hakuna binadamu angelitamani. Mume alipita, akachungulia sufuria. Akasema tu, kwa sauti ya chini, "Afadhali."

Akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akabeba sufuria, akaenda getini kumwambia mlinzi kwamba habari za nyama mbichi zimekwisha, kuanzia leo.

Mlinzi hakuwepo, alikuwa nyuma ya nyumba akifunga bomba. Kwenye benchi lake alikaa mwanamke mwembamba, kichanga kikinyonya chini ya mtandio. Alisimama haraka, kama aliyefumaniwa. Akasema yeye ni mke wa mlinzi, amepita mara moja tu, na mumewe hajui kama amekuja.

"Nimekuja kukushukuru kwa mdomo wangu, dada, maana yeye ana haya. Nilipojifungua sikuwa na tone. Tangu uanze kumpa ile nyama ya kila jioni atuletee, maziwa yametoka."

Akamgeuza mtoto ili aonekane, mashavu yamejaa, midomo bado ina maziwa. Kisha akaomba jambo moja tu, kama si kumchosha: asiache.