Upepo wa Matairi

Mwenda pole hajikwai, husema watu. Jada alikwenda pole, akajikwaa.

Walipotoka Koboko kwenda hospitali, Jada akiendesha na kaka yake askari akiwa kando, kila Landrova ilipogonga jiwe mama yao alipiga yowe, ameshika tumbo lililovimba. Jada akasimamisha gari. Kwa ncha ya msumari alibonyeza vali, akapunguza upepo wa matairi yote manne mpaka mipira ikalegea.

“Sasa iko muzuri,” mama akasema, akasinzia.

Lakini kwa matairi laini hawakuweza kwenda mbio. Walipopita Arua, Kuluva kwenye hospitali ikiwa mbele kidogo tu, mkono wa mama ulikuwa umepoa.

“Kama hukutoa upepo, mama iko kwa daktari sasa,” kaka yake askari alisema. “Omba msamaha!”

Jada alimfunika mama uso.

“Alilala bila kulia, kaka. Siombi.”