Nguva na Kamati ya Kumlinda

Alikuwako Nguva mmoja, mpole kupita kiasi, aliyenaswa na jarife, wavu mkubwa wa nyuzi nene, mpakani, kichwa kikiwa katika ghuba ya kaskazini na mkia katika ghuba ya kusini. Maji yalikuwa yakijaa, naye asipopata hewa juu hufa. Kwa bahati njema, ghuba hizo mbili zilikuwa na Kamati ya Pamoja ya Kumlinda Nguva. Wajumbe wake, Kaa wa kaskazini na Kaa wa kusini, walifika upesi na magando yao makali.

“Pole sana, bibi,” alisema Kaa wa kaskazini. “Ningekata sasa hivi, ila mkia hauko kwangu.”

“Nami naheshimu mipaka,” alisema wa kusini. “Tuanze na ajenda ya kwanza, jina la kamati.”

Wakabishana ghuba ipi itangulie kutajwa. Maji yakamfika Nguva puani, akaona kwamba akizidi kuomba msaada atafia ndani ya ajenda.

“Waheshimiwa,” alisema kwa adabu, “nasikia kusini wanadai nyuzi hizi zote ni zao.”

“Zao?” Kaa wa kaskazini akakata uzi mmoja, kuonyesha kuwa ni wake. Wa kusini akakata tatu. Mwenzake akakata tano.

Jarife likaachia. Nguva akaibuka, akavuta pumzi ndefu, akaenda zake malishoni.

Kamati ilijipongeza kwa ushirikiano wa kupigiwa mfano, kisha ikaandika katika kumbukumbu zake: “Mlindwa aliondoka kikaoni bila ruhusa.”