Kujaribu Valvu

Amplifaya ya kanisa ilihitaji pentodi moja, valvu ndogo ya kioo ya kuzisukuma valvu zake mbili kubwa, na Baba Lugano, fundi redio wa Tukuyu, alikuwa nazo mbili. Zilikuwa za mwisho. Sokoni sasa kumejaa redio za Dubai, zisizo na valvu.

Kuchagua kulitaka watu wawili: mmoja aseme kwenye maiki, mwingine asikilize spika nje. Msemaji siku zote alikuwa marehemu mkewe.

Akachomeka ya kwanza, akangoja uzi wake wa ndani uwe mwekundu. Akainamia maiki, akasema kama alivyokuwa akisema mkewe: "Baba Lugano, njoo ule, ndizi zinapoa." Kisha akakimbilia nje. Alipofika kwenye spika, maneno yalikuwa yameshaisha.

"Shikamoo, baba," alisema muuguzi aliyehamia juzi, akipita barabarani. "Unaitwa ukale. Mbona huitiki?"